Mdomo wa Sista Jedidah

Sista Kwamboka alikuwa wa kwanza kuingia gereji, na wa kwanza kunyamaza. Alikuwa amekuja Irving, kando ya Dallas, moja kwa moja kutoka kanisani, yeye na wenzake wawili wa kamati, Patroba na Scholastique, wote wangali na nguo za Jumapili, ili waione sanamu kabla haijapelekwa kwa wanaomimina shaba. Naserian, mwenye gereji na aliyeifinyanga, aliwasha taa zote, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasubiri. Alijua kwamba mtu akionyeshwa sura ya marehemu aliyemjua, kwa kawaida husema neno lolote tu, mradi kimya kivunjike. Kwamboka hakusema neno lolote tu.

"Mwalimu," alisema, "mbona mdomo uko wazi?"

Sanamu ilikuwa ya Sista Jedidah, kichwa na mabega, saizi ya mtu, bado udongo mtupu. Jedidah alikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi, na kila Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa moja huko Plano, aliwafundisha wageni kutoka Kenya na Kongo namna ya kufaulu mtihani wa leseni ya uuguzi. Aliwafundisha bila kuchoka na bila kuchekacheka. Alipofariki, wanafunzi wake wa zamani waliunda kamati, na kamati ikaamua kwamba mlangoni mwa darasa lile pawekwe kumbukumbu. Wengi walitaka jiwe jeusi lililochorwa picha yake kwa mashine, kama yale ya makaburini, na muuzaji alikuwa tayari. Naserian ndiye aliyewaomba wampe nafasi ya kwanza. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha historia ya sanaa chuoni, akiwamulikia wanafunzi ukutani kazi za watu wengine, na hakuwa na kazi yake hata moja iliyosimama mahali pa watu. Hii ndiyo ingekuwa ya kwanza. Kamati ikiikataa, jiwe jeusi lingeagizwa, na udongo huu ungerudi kwenye ndoo.

"Uko wazi kwa sababu anaongea," alijibu.

"Anaongea?" Patroba aliinama, mikono mgongoni. Alikuwa nesi wa zamu za dharura, mtu wa mizaha, na hata alipokuwa na huzuni mizaha ilimtangulia. "Mimi naona kama ameambiwa bei ya nyumba Plano."

"Patroba, heshima," alisema Kwamboka. Hakuondoa macho kwenye udongo. "Haongei, Mwalimu. Mdomo wa namna hii naujua. Nimeufunga mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mgonjwa akishaenda, taya inashuka, na kazi yetu ni kuirudisha kabla familia haijaingia. Unaweka taulo hapa chini, unainua kitanda kidogo kichwani, unashikilia. Hakuna nesi anayemwacha mtu hivi."

Scholastique, aliyekuwa akitunza wazee katika nyumba moja ya Dallas na ambaye nyumbani kwao ni Bukavu, alifanya ishara ya msalaba. "Ni kweli, Mwalimu. Kwetu pia, mutu akishakufa, wanamufunga kinywa mbiyo-mbiyo, na kitambaa, kutoka hapa mupaka hapa." Alionyesha kidevu, kisha utosi. "Ukimuacha wazi, ni kama hakukuwa na mutu wa kumuangalia. Na Mama Jedidah alikuwa na watu. C'est une honte, vraiment, ni aibu kubwa."

Naserian hakuwa amelifikiria jambo hilo kabisa. Alikuwa amefikiria uzito wa shaba, mwanga wa mlangoni, hata urefu wa wale watakaoitazama. Hakuwa amefikiria kwamba watazamaji wake wa kwanza wangekuwa watu ambao midomo iliyo wazi ni sehemu ya kazi yao. Hata hivyo hakuona kwamba amekosea. Aliamini kwamba hoja hujibiwa kwa ushahidi, na ushahidi alikuwa nao. Akaleta kompyuta, akaiweka juu ya meza ya kazi, kando ya sanamu.

"Naombeni dakika chache," alisema. "Mimi sikuutoa mdomo huu hewani."

Akawaeleza kwa kifupi, kama anavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwamba miaka mia nne na zaidi iliyopita, huko Italia, Kanisa lilikuwa limetikiswa na Waprotestanti, na maaskofu waliokutana Trento waliamua kwamba picha na sanamu zibaki makanisani, lakini zimfundishe mtu wa kawaida na zimguse. Kwamba wachoraji waliokuwapo wakati huo walikuwa wamejaa ufundi wa kujionyesha, miili mirefu iliyopindwa bila sababu, hadi wakatokea vijana kutoka kaskazini, akina Carracci wa Bologna na Caravaggio aliyetoka upande wa Milano, wakarudi kumtazama mtu alivyo, mwenye kucha chafu na mikunjo ya shingo. Na kwamba katika uchongaji, aliyeibeba kazi hiyo hadi kileleni ni Gian Lorenzo Bernini.

"Kabla yake," alisema, "sanamu ilisimama ikakungoja. Michelangelo alimchonga Daudi akiwa bado anafikiri, jiwe mkononi. Daudi wa Bernini ameshaanza kurusha. Amejipinda, ameuma midomo. Ukisimama mbele yake unataka kujikinga. Hiyo ndiyo Baroko: jambo limekamatwa likiwa katikati. Na kuhusu sura za watu, Bernini alisema wazi kwamba wakati bora wa kuchonga mdomo ni pale mtu anapotaka kuanza kusema, au amemaliza kusema hivi punde. Kwa hiyo huo mdomo, Sista, una ukoo."

"Tuonyeshe huo ukoo," alisema Kwamboka.

Akaanza na Kardinali Scipione Borghese, mnene, kofia imerudi nyuma kidogo, kifungo kimoja cha vazi lake kimenasa nusu njia tunduni.

"Huyu ana presha," alisema Patroba papo hapo. "Na anakula usiku."

"Lakini ni mzima," alisema Kwamboka. "Anapiga porojo na mtu aliyekaa upande huu. Angalia jicho."

Akawaonyesha Costanza, mwanamke ambaye Bernini alimpenda na kumchonga kwa ajili yake mwenyewe, nywele zimefungwa ovyo, midomo imeachana. Scholastique akasema huyo amesikia jina lake likiitwa na bado hajajua kama ni kwa heri au kwa shari. Akawaonyesha Gabriele Fonseca, daktari wa Papa, ambaye inaelezwa kuwa alikuwa miongoni mwa matabibu wa kwanza wa Roma kuipima na kuitetea dawa ya gome, ile iliyokuja kuitwa kwinini. Kusikia kwinini, wote watatu walisogea karibu. Daktari amechungulia kutoka ukutani kama kwenye dirisha, mkono mmoja umebana rozari, mwingine umekaza vazi kifuani, mdomo wazi.

"Anasali kwa sauti," alisema Patroba, safari hii bila mzaha. "Ana hofu. Lakini akili iko sawa, macho yanafuata kitu."

Kisha Naserian akafungua picha aliyoihesabu kuwa silaha yake kubwa, maana hakuna mdomo wazi unaojulikana kuliko huo katika kazi zote za uzee wa Bernini. Mwanamke amelala juu ya godoro la marumaru, kichwa kimezama kwenye mito, mkono mmoja umeshika titi, nguo imesukasuka kama maji. Hakuwaambia jina wala habari zake.

"Huyu anaenda," alisema Scholastique kwa sauti ya chini.

"Anaenda," Kwamboka aliitikia. Alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta kama anayesoma mashine ya kitandani. "Homa. Angalia alivyolaza shingo, anatafuta hewa. Kidevu kimekwenda juu, taya haishikiliwi tena na chochote. Ningeita familia sasa hivi. Ni nani?"

"Mwenyeheri Ludovica Albertoni," alisema Naserian. "Alikufa kwa homa. Bernini alimchonga katika saa yake ya mwisho."

Alisema hivyo polepole, kwa sababu alikuwa akielewa wakati uleule kilichotokea. Watu hawa hawakuwahi kusikia jina hata moja kati ya hayo. Wameonyeshwa midomo minne iliyo wazi, na wametenga walio hai na anayekufa bila kukosea. Na kama waliweza kutenga, maana yake tofauti ilikuwapo ndani ya jiwe. Mzee yule, aliyekuwa ameshapita miaka sabini alipomchonga Ludovica, aliijua taya inayoshikiliwa na taya iliyoachiliwa, akazichonga zote mbili, na marumaru imeutunza ujuzi huo hadi kwenye gereji ya Irving.

Kwamboka aligeuza kompyuta ili kioo kielekee kwenye sanamu ya udongo. "Sasa, Mwalimu. Wetu tumweke na nani?"

Naserian alitazama. Udongo wake ulikuwa upande wa Ludovica.

"Jumapili ijayo tutarudi," alisema Kwamboka, sauti imelainika kidogo. "Sura umeipata, sikatai. Paji la uso ni lake, mashavu ni yake. Ufunge tu mdomo. Si ni kidole tu?"

Walipoondoka aliweka kidole gumba chini ya mdomo wa udongo. Kwamboka alisema kweli: ingekuwa kazi ndogo sana. Lakini hakubonyeza. Alikuwa amefinyanga akitazama picha ya kitambulisho cha hospitalini, kwa sababu ndiyo pekee iliyoonyesha uso wote bila kivuli, na alijua kwamba mdomo ukifungwa itabaki picha ya kitambulisho iliyovimbishwa, ambayo jiwe jeusi lingeifanya vizuri zaidi. Tena, kosa ambalo bado hujajua liko wapi huwezi kulirekebisha. Unaweza kulihamisha tu.

Jumanne, chuo kikiwa hakina vipindi, aliendesha hadi Fort Worth, kwenye makumbusho ya Kimbell. Alikuwa amekwisha kwenda huko mara nyingi na wanafunzi, akiongea muda wote. Safari hii alikwenda peke yake na akanyamaza. Ndani, mwanga wa mchana hushuka kutoka juu kwenye mapaa ya mviringo, na kutawanyika ukutani, mweupe na mpole kama wa chumba chenye pazia jepesi. Alipita kwa Caravaggio, kwa wale matapeli wawili wa karata wanaomchuna kijana wa watu. Akamtazama yule mkubwa anayechungulia, glavu zake zimetoboka vidoleni. Mchoraji aliyetoboa glavu alikuwa ameamua kwamba ukweli una mahali unapoanzia, na mahali penyewe ni padogo.

Kisha akasimama mbele ya kilichomleta: sanamu ya udongo uliochomwa, isiyofika mita moja, ambayo Bernini aliifinyanga mwaka 1653 ili iwe kielelezo cha chemchemi ya Piazza Navona, Roma. Mwanamume wa baharini amesimama akipambana na samaki. Watu baadaye walimwita Mmoor, yaani Mwafrika wa kaskazini, kwa ajili ya sura yake. Jiwe lenyewe la Roma lilichongwa na mtu mwingine kwa kufuata kielelezo hiki. Lakini udongo huu ni wa mkono wa Bernini, na alama za vyombo vyake bado zinaonekana, meno ya kisu yaliyoburuzwa kwenye misuli, na mahali alipoacha haraka kwa kuwa alikuwa ameshapata alichotaka.

Naserian aliizunguka kadiri nafasi ilivyoruhusu. Alitafuta kosa lake mdomoni, akalikuta kwingine. Miguu ya mtu yule inakwenda huku, kiwiliwili kinageuka kule, kichwa kinageuka tena, na hakuna kiungo kinachofanya jambo peke yake. Ukiufunika uso kwa kiganja, shingo bado inakwambia uso unatazama wapi. Ukifunika shingo, mabega yanakwambia. Bernini hakuwa ameongeza mwendo juu ya mwili uliotulia. Mwendo ulianzia kisiginoni, na sura ilikuwa mwisho wake tu.

Naye alikuwa amefanya nini? Alikuwa amechukua kichwa kilichotulia, kimenyooka juu ya shingo iliyotulia, macho yamesawazishwa, pande mbili za uso zimelingana kama picha ya serikali inavyodai, halafu akakifungua mdomo. Ndivyo kifo kinavyofanya. Kila kitu kimelala, taya peke yake inashuka. Kwamboka hakuwa na chuki na mdomo ulio wazi. Alikuwa amesoma uso mzima na kutoa majibu sahihi.

Kosa lilikuwa limejulikana. Lakini ili mwendo uanzie mbali, ilibidi ajue Jedidah alikuwa akisogeaje, na hilo picha haikuweza kumwambia. Akampigia simu Kezia, binti wa marehemu, mfamasia huko Houston, akamwomba video yoyote ya mama yake akiongea.

"Auntie, hakuna," alisema Kezia. "Mama alikuwa akiona simu imeinuliwa anafunga mdomo na kusimama kama askari. Nina video zake nyingi, zote ni picha."

"Basi naomba nije nikuone wewe."

"Mimi?"

"Watu wanasema unaongea kama yeye."

"Njoo Ijumaa, niko off. Nitapika."

Barabara ya Houston ni ndefu na imenyooka, malori mbele na malori nyuma, na Naserian aliitumia kukumbuka mambo. Mwaka 1665 Bernini aliitwa Ufaransa kumchonga Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Hakuanza kwa kumkalisha kwenye kiti. Alimfuata na karatasi mfalme akiwa barazani, akicheza mpira wa raketi, akizungumza na watu, kwa sababu aliamini kwamba mtu aliyetulia hafanani na yeye mwenyewe kama anavyofanana anapokuwa katika shughuli. Akachora michoro mingi, na alipoanza kuchonga akaiweka kando, ili asijinakili. Mfalme alikuwa hai, na alikubali kufuatwa. Yeye Naserian alikuwa anamfuata mfalme aliyekwisha kuzikwa.

Kezia alimpokea mlangoni akiwa na aproni, mwanamke mrefu, mabega ya mama yake. Hakumwacha akae vizuri.

"Auntie, niulize kabla hatujala. Sista Kwamboka ameniambia mama yuko mdomo wazi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Unajua ni nani aliyemfunga mama mdomo?"

"Sijui."

"Ni yeye. Mimi nilikuwa njiani kutoka huku, nimekwama kwenye ajali karibu na Corsicana. Nilipofika, mama alikuwa ameshapangwa vizuri, kama amelala. Kwamboka alikuwa amesimama pale mkono uko chini ya kidevu, amekataa kukaa. Nesi wa zamu aliniambia amesimama hivyo muda mrefu, taulo lilikuwa halimridhishi." Kezia aligeuka kukoroga sufuria. "Sasa wewe umeufungua tena."

Naserian alilipokea hilo jinsi lilivyokuwa, jambo la kweli ambalo hakulijua. Hakujitetea. "Ulivyo sasa kwenye udongo, umekosewa," alisema. "Nimekuja kutafuta namna ya kuurekebisha. Ikishindikana nitaufunga mwenyewe, na nitamwambia Sista Kwamboka hivyo."

Wakala, wakaosha vyombo. Naserian alikaa na karatasi magotini, akichora Kezia akipanga sahani, akiinama, akicheka. Haikufaa. Mtu anayejua anachorwa hujichora mwenyewe, na Kezia alikuwa na tabasamu ambalo lilikuwa lake peke yake, hakuna aliyewahi kusema Jedidah alikuwa nalo.

Ndipo Lenny alipoingia. Alikuwa binamu yake Kezia, mwanafunzi wa uuguzi, aliyetarajiwa kwa chakula cha mchana, na sasa chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha kupoa.

"Cuzo, usinianze," alisema kabla hajafunga mlango. "Kwanza gari lilikuwa na shida ya betri. Halafu barabara ya 610 imefungwa, si unajua 610. Halafu kuna jamaa tuko naye clinicals hospitali, ni Mnaijeria, akaniomba nimwangushe kwake, nikashindwa kukataa…"

Kezia hakumkatiza. Alikuwa ameshika taulo la vyombo. Bega la kushoto lilirudi nyuma kidogo, kichwa kikageuka kumfuata, kidevu kikashuka, si kwenda mbele. Mianzi ya pua ikapanuka mara moja kuvuta pumzi, na midomo ikafunguka, upande mmoja kabla ya mwingine. Ikabaki hivyo. Neno lilikuwa limeshapanda, limeshikwa nyuma ya meno, linamngoja Lenny amalize uongo wake wote ili lisimkute nusu njia. Kope moja ilikuwa chini kuliko nyingine. Hakukuwa na hasira humo. Ilikuwa subira ya mtu anayejua jibu.

Lenny alianza kupunguza mwendo. "…kwa hiyo… Aki, Kezia, unanitazama kama Auntie Jedidah. Sawa. Nilichelewa kuamka."

"Chakula kiko kwenye jiko," alisema Kezia, na uso ukarudi kuwa wake.

Naserian hakuwa amechora mstari hata mmoja. Hakuhitaji.

Jumamosi aliukata udongo. Alipitisha waya shingoni na kukitenga kichwa, kazi ambayo mwanafunzi wake yeyote angeiogopa, akakirudisha kimegeuka na kuinama kidogo, akajaza shingo upya, mshipa wa upande mmoja umekaza na wa upande wa pili umelegea, mfupa wa mtulinga umeinuka pale bega liliporudi nyuma. Akaharibu ulinganifu alioujenga kwa uangalifu mwezi mzima: kope moja akaishusha, shavu moja akalikusanya kuelekea pembe ya mdomo. Akachimba zaidi chini ya nyusi ili kivuli kifanye kazi ya rangi. Bernini alisema mtu akijipaka unga mweupe usoni hata rafiki zake hawatamtambua, na kwa hiyo mchongaji lazima atie giza mahali ambapo ngozi haina giza, ili jicho la mtazamaji likubali. Ndani ya mdomo aliweka ncha ya ulimi, ikigusa nyuma ya meno ya juu. Midomo yenyewe aliigusa mwisho, na kwa kidogo sana. Ilibaki wazi.

Jumapili Kwamboka na Scholastique walifika kwanza. Patroba alikuwa hajafika.

"Hukufunga," alisema Kwamboka kutoka mlangoni.

"Sikufunga. Naomba umpime kama ulivyompima wiki iliyopita. Ukisema anaenda, nitaufunga mbele yako, na jiwe jeusi mtaliagiza."

Kwamboka aliweka mkoba wake chini. Hakuwa na haraka na hakuwa na huruma. Alitazama kutoka mbele, akatazama kutoka ubavuni, akachuchumaa kwa viatu vyake vya kisigino akatazama taya kutoka chini. Scholastique alikuwa amesimama na mkono kifuani. Naserian alijilazimisha kutazama sanamu na si uso wa Kwamboka, maana alitaka kujua mwenyewe, kabla hajaambiwa, kama ni kazi nzuri. Aliona ni nzuri. Haikuwa Bernini, shingo ilikuwa nzito bado upande wa nyuma. Lakini mtu yule wa udongo alikuwa amevuta pumzi.

"Taya imeshikwa," alisema Kwamboka hatimaye, kama anayetoa ripoti ya zamu. "Misuli hapa inafanya kazi. Pua pia. Jicho liko na mtu." Akasimama. Akahama kidogo kuelekea kushoto, akatazama nyuma yake. "Ananitazama mimi? Hapana. Anatazama mlango."

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, Patroba akaingia akihema, funguo mkononi.

"Jamani, samahanini, barabara ya 635 ni balaa leo, kuna lori limelala njia mbili, na pale kanisani mchungaji naye akaniita nimsaidie na spika, halafu…"

Alikuwa ameshafika katikati ya gereji alipokutana na uso ule. Alisimama. Mdomo wake uliendelea kidogo bila sauti.

"Halafu?" alisema Scholastique.

Patroba hakumtazama Scholastique. "Hakuna lori, Sista," alisema, kwa sauti ambayo Naserian hakuwahi kuisikia kwake. "Nilikuwa natazama mpira."

Scholastique akaangua kicheko, akajiziba mdomo, akacheka tena hadi machozi. "Mon Dieu! Amemukamata! Mama amemukamata!" Patroba naye akaanza kucheka, akijipangusa uso kwa kiganja, akisema si haki, mtu afuatiliwe na mwalimu hadi Irving. Alitoa simu, akapiga hatua kulia, akapiga hatua kushoto, akijaribu kutafuta mahali pa kusimama ambapo hatatazamwa, na hakukuwa na mahali karibu na mlango.

Kwamboka hakucheka. Alikuwa bado anatazama, mikono imefungwa kifuani. Kisha alisema, "Iwekwe ndani, si nje. Mkabala na mlango. Anayechelewa aikute," na Naserian akaelewa kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu la kamati. "Na yule wa mawe nitampigia mimi. Nyuma ya shingo umalizie, Mwalimu. Ni nene."

"Najua."

"Kezia ameiona?"

"Picha tu. Alisema nikusikilize wewe."

Kwamboka aliitikia kwa kichwa.

Taa za gereji zilikuwa kali, na udongo ulikuwa umeanza kupauka mabegani. Naserian alichukua kitambaa kilicholowa na plastiki, kama afanyavyo kila anapomaliza kazi, ili usipasuke kabla ya kutengenezewa kalibu ya kumiminia shaba, akakikunjua juu ya kichwa cha sanamu.

"Usimfunike uso!"

Ilitoka kwa ukali kiasi kwamba Patroba alinyamaza. Kwamboka alikuwa amepiga hatua na kuinua mkono, akaushusha.

"Ngoja kwanza tutoke, Mwalimu," alisema.

Naserian aliweka kitambaa mezani. Akachukua chupa ya kupulizia maji, akaanza kuyanyunyizia mabega polepole, akingoja wamalize kuaga.